Nyumba ya Kuvuta: Mwaka Wetu wa Kwanza na Tela la Kulala

Tela lilikuwa limekaa chini ya mwembe katika kiwanja kimoja cha Shangani, hapa Mtwara mjini, muda mrefu hata kuku wa jirani wakawa wanatagia uvunguni mwake. Wenye mali walikuwa wageni, mume na mke. Walilivuta kutoka Afrika Kusini, wakapita Msumbiji, wakaingia nchini kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lile lililofunguliwa mwaka 2010. Waliishi hapa miaka kadhaa, na ulipofika wakati wa kurudi kwao hawakuwa tena na nguvu ya kulivuta njia yote ile. Mume wangu ni fundi umeme. Alikwenda kwao kutengeneza soketi mbili, akarudi jioni hana habari nyingine ya kunieleza isipokuwa meza inayogeuka kitanda, makabati ya juu, sinki, na dirisha dogo ambalo mtoto akilala chali anaziona nyota.

Ilikuwa Desemba 2023. Malipo ya korosho zetu yalikuwa yameingia baada ya mnada, fedha ambayo tuliikusudia kwa vyumba viwili vya nyongeza nyuma ya nyumba. Tulibishana wiki nzima. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimezoea kupiga hesabu ya kila shilingi, na hesabu iliyonishinda ni ya gesti. Sisi ni watano, kila likizo tunasafiri, na siku moja ya vyumba viwili pamoja na kula mgahawani humaliza fedha ya wiki nzima ya nyumbani. Hesabu ya pili sikuisema kwa sauti. Nilikuwa nimechoka kuwa mgeni. Nilichoka kumwona shangazi anahama kitandani mwake kwa ajili yetu, watoto wa mwenyeji wanalazwa sebuleni, mama mwenye nyumba anaamka saa kumi alfajiri kuteka maji ya kuoga ya watu watano. Nikasema moyoni, tukiwa na nyumba yetu ya kuvuta hatutamsumbua mtu. Fikra hiyo ilitugharimu mwaka huu kuliko tairi na kuliko beringi, na nitaifikia.

Karatasi kwanza. Tela halina injini, lakini lina namba yake ya usajili na kadi yake, mbali na za gari linalolivuta. La kwetu lilikuwa limeshalipiwa ushuru na kupewa namba za Tanzania, nasi tuliomba kuiona kadi kabla hata ya kutaja bei. Nawasihi wanaofikiria kununua kwa mgeni anayeondoka wafanye hivyo hivyo. Chombo kilichoingia kwa kibali cha muda kinatakiwa kitoke nchini au kilipiwe ushuru, na usipouliza mapema, deni hilo unalinunua pamoja na magurudumu.

Kwenye tairi tulikosea. Fundi wa tairi wa Chikongola, hapa hapa mjini, aliinama, akafuta vumbi ubavuni, akatuonyesha tarakimu nne ndani ya kijiduara: 1411. Akasema hiyo ni wiki ya 14 ya mwaka 2011. Tairi lilikuwa na zaidi ya miaka 12. Mume wangu akazitazama kashata zake, yale meno yanayoshika barabara, nzima kabisa, akasema mbona halijatembea. Fundi akamjibu, "Kaka, hili halikuliwa na barabara, limeliwa na jua." Tela huwa hivyo. Linasimama kuliko linavyotembea, kwa hiyo mpira wake huzeeka ukiwa bado unapendeza. Tuliamua tubadilishe tukisharudi kutoka safari ya kwanza, maana ilikuwa ya kwenda Mikindani tu, kilomita kama kumi.

Mikindani tulilala usiku mmoja, uani kwa rafiki yetu, juu kidogo ya ghuba. Ninamshauri kila mtu safari yake ya kwanza iwe fupi namna hiyo. Usiku ule tuligundua hatuna kiberiti, hatuna mpira wa kutolea maji machafu ya sinki, chandarua hakina pa kufungwa, na taa ya ndani inamaliza betri kabla ya saa sita. Asubuhi niliwatembeza watoto hadi Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, nikawaeleza kuwa Livingstone alipita hapa mwaka 1866 akianza safari ambayo hakurudi nayo hai. Kitinda mimba wetu akauliza kama naye alikuwa na tela. Nikamwambia mizigo yake ilibebwa na watu na wanyama, akanyamaza muda mrefu akiwatazama wavuvi wakipandisha samaki.

Tairi lilipasuka tukiwa tunarudi, nyumbani kunaonekana. Halikutoa upepo polepole kama pancha. Lilichanika, ukanda wa mpira ukawa unapiga ubavu wa tela kwa kila mzunguko, na kufikia tuliposimama ulikuwa umepasua bati, umevunja bomba la maji na kung'oa waya za taa ya nyuma. Kutengeneza ubavu ule kulitugharimu zaidi ya tairi mbili mpya. Siku hizi mume wangu akiona tela la mtu yeyote limesimama, hata la trekta, huinama kwanza kusoma tarakimu nne.

Safari ya pili ilikuwa Februari, kwenda Lindi, na ndiyo iliyonitia hofu kuliko zote. Nilikuwa nimepakia mimi. Jikoni kwangu vitu vizito hukaa nyuma, mbali na watoto, basi na kwenye tela nikafanya vivyo hivyo: madumu sita ya maji ya lita 20, gunia la mchele la mama mkwe, mtungi wa gesi wa akiba, vyote nyuma kabisa chini ya kitanda. Tulikuwa tumeshaipita Mikindani, tunaelekea Mnazi Mmoja, barabara nyeupe, mwendo kama kilomita 85 kwa saa. Basi likatupita. Upepo wake ukalisukuma tela, tela likaivuta Hilux yetu kushoto, Hilux ikarudi kulia, na kila mrudio ukawa mkubwa kuliko uliotangulia. Kwenye kioo cha pembeni niliona ubavu wa tela, kisha sikuuona, kisha nikauona tena. Mtoto wa kati akaanza kusoma sura aliyofundishwa madrasa. Mume wangu hakukanyaga breki. Aliachia mafuta tu, akashika usukani imara bila kupambana nao, na mwendo uliposhuka chini ya 50 mkia ukatulia. Tuliegesha. Hatukuzungumza kwa muda.

Aliyetufungua macho ni dereva wa lori aliyesimama kutusaidia. Alikwenda mbele ya tela, akashika chuma cha kuvutia pale kinapokaa juu ya goroli ya nyuma ya gari, akakinyanyua kwa mkono mmoja. "Mwalimu," akaniambia, "hiki hakitakiwi kunyanyuka hivi. Uzito wote umeuweka mkiani, na mkia ukiwa mzito ndio unaoendesha gari." Tulihamisha madumu matano pale pale, tukayapanga sakafuni juu ya ekseli, na safari iliyobaki tela likafuata gari kwa utulivu.

Tuliporudi tulitaka kujua kwa kipimo, si kwa mkono. Tukaliomba tela lipimwe kwenye mizani ya korosho ya chama cha msingi cha jirani, maana msimu ulikuwa umekwisha na mizani ilikaa bure. Tukaliegesha pale, tukalipakia kama tulivyokuwa tumelipakia siku ile, tukaiweka pua yake, kile chuma cha kuvutia, juu ya mizani ambako magunia hupanda. Ilisoma kilo 28. Kibati cha kiwandani kwenye tela letu kinasema lisizidi kilo 1,200 likiwa na mzigo, na kanuni tuliyoipata kwa wanaovuta matela kwao ni kwamba puani pakae kati ya asilimia tano na kumi hivi ya uzito wote, bila kuzidi kile ambacho gari na chuma chake vinaruhusu. Tukapanga upya mpaka mizani ikasoma 95. Karani wa mizani, mzee aliyepima magunia maisha yake yote, alifurahi kuliko sisi. Maji niliyoyaona hayana uzito ni kilo moja kwa kila lita. Kwa madumu yangu sita nilikuwa nimebeba kilo 120 nyuma kabisa, ili nisiombe maji kwa watu wa Lindi ambao wangenipa kwa furaha.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Kusini kwetu mvua huanza karibu na Desemba na kuendelea hadi Aprili, na tela lilituonyesha udhaifu wake mapema. Tone lilidondoka juu ya mto wa kulalia, tukaziba paa juu ya mto. Likaendelea. Tukaziba tena. Ilichukua wiki tatu kuelewa kwamba maji yanaingia kwenye fremu ya tundu la hewa katikati ya paa, yanatembea ndani ya dari kufuata ubao, kisha yanatokea mbali kabisa na yalikoingilia. Mume wangu alifungua fremu nzima, akakwangua gundi ya zamani iliyokuwa ngumu kama ganda la korosho, akaacha mbao zikauke kwa jua la siku mbili mvua ilipopumzika, ndipo akaziba upya. Silikoni ya dukani iliyopakwa juu ya gundi kuukuu haishiki. Hilo tumelithibitisha mara mbili.

Kisha nikaharibu mimi. Nilinunua turubai zuri, nikalifunika tela lote na kulikaza kwa kamba. Baada ya wiki mbili nilipofungua mlango, harufu ilinirudisha nyuma. Joto letu la pwani na unyevu vilikuwa vimefungiwa humo, na ukungu umeota kwenye magodoro, kwenye mapazia, hata kwenye Kiswahili cha Kidato cha Tatu nilichokisahau mezani. Tela linahitaji kivuli na hewa kwa pamoja. Tulimwita fundi wa makuti akatujengea banda refu lisilo na kuta, na tangu siku hiyo ndani ni pakavu na panapoa. Miguu ya tela niliiegemeza juu ya vigogo vya mwembe, mchwa wakapanda kupitia vigogo hivyo wakaanza kula ubao wa sakafu. Sasa imekaa juu ya matofali ya saruji, na kila Ijumaa mtoto mkubwa huzunguka na tochi kutafuta njia ya udongo.

Sasa nije Newala.

Idi ya mfungo ya mwaka 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili. Tulipanga kuila kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, anayeishi kwenye nyumba aliyoiacha mama. Lami iliishia Mnivata, kilomita kama 50 kutoka Mtwara. Kutoka hapo ilikuwa tope, udongo mwekundu uliochimbwa na mitambo ya ujenzi wa barabara, na madimbwi ambayo hatukujua vina vyake. Tuliingia Newala giza limeshaanza, tumechoka, tela limekuwa rangi moja na barabara. Mama mdogo alitupokea kwa vigelegele. Alitupa ubwabwa na kuku wa kienyeji, tukala, tukazungumza. Ilipofika saa nne nikamwambia, kwa furaha ya kweli, "Mama, wewe pumzika, usihangaike na sisi. Tumekuja na vyumba vyetu." Nikawachukua watoto, tukaenda kulala uani.

Asubuhi chai ililetwa na mtoto wa jirani. Mama mdogo hakutoka. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo, anamenya ming'oko. Nikamwamkia, akaitikia kwa upole, na upole ule ndio ulionishtua.

"Mwanangu, nyumba ya dada yangu ina kunguni?"

"Hapana, mama."

"Basi ina nini?"

Sikuwa na jibu. Akaninyooshea kidole chumba cha pili. Sakafu ilikuwa imepigwa saruji upya, bado ina harufu. Kulikuwa na vitanda viwili, mashuka mapya yaliyokuwa na mikunjo ya dukani, na godoro ambalo sikuwahi kuliona. "Hilo nimeazima kwa jirani," akasema. "Nimemwambia mwanangu mwalimu anakuja na watoto. Leo nilirudishe nimwambie halikulaliwa?"

Nilikaa chini pale pale. Nilikuwa nimepunguza kazi yake, kwa akili yangu, na kumbe kazi ile ndiyo aliyokuwa akiisubiri tangu Ramadhani ianze. Kwetu kumlaza mtu ni kumpa kitu. Mgeni anayefika na chumba chake, maji yake, mchele wake na jiko lake amefunga mlango ambao mwenyeji alikuwa ameufungua. Majirani walikuwa wameshauliza, kabla ya swala ya Idi, kwa nini watoto wa marehemu wamelala kwenye gari nje ya nyumba ya mama yao. Nilimwomba radhi mama mdogo nikiwa nimeshika magoti yake. Usiku ule na uliofuata tulilala chumbani, watano, wawili kwenye godoro la kuazima, na alfajiri aliamka kuteka maji. Nikaamka naye. Tela lilibaki uani limefungwa. Tulipokwenda kutazama bonde la Ruvuma kutoka Shimo la Mungu, tulikwenda na Hilux peke yake, na mama mdogo akiwa kiti cha mbele.

Njiani kurudi, kitovu cha gurudumu la kulia kilikuwa cha moto. Tulijua kwa sababu tulikuwa tumejifunza kugusa kwa mgongo wa kiganja kila tunaposimama: cha kushoto vuguvugu, cha kulia hakishikiki, na harufu ya grisi iliyoungua. Sili ya mpira ilikuwa imekufa tangu enzi za mwembe wa Shangani, na yale madimbwi yalipenyeza maji na tope kwenye beringi. Tela likabaki kwa fundi mmoja huko Nanyamba. Beringi ya kwanza iliyopatikana ilifanana kwa macho, ikawa imezidi kwa unywele, na fundi alipotaka kuipiga nyundo ili iingie mume wangu alikataa. Tuliisafisha ile ya zamani kwa dizeli mpaka namba iliyochongwa kwenye pete ikaonekana, tukaituma namba hiyo Dar es Salaam. Kifurushi kikapandishwa basi mwanzoni mwa Mei, siku zile zile Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua iliyoikata barabara maeneo ya Somanga, Kilwa. Magari yalikwama pande zote mbili siku kadhaa. Beringi yetu ilikuwa humo, lakini sikuweza kuihuzunikia nikiona kwenye simu picha za kina mama na watoto wamekaa kando ya barabara iliyochukuliwa na maji. Siku hizi tunatembea na beringi mbili za akiba, sili zake na kopo la grisi, chini ya kiti cha mbele.

Msimbati tulikwenda Juni, siku chache baada ya Idi ya kuchinja, shule zimefungwa. Njia inapita Madimba, kwenye mitambo ya gesi, na ufukwe uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo kuna kiingilio cha kulipa. Mchanga wa Msimbati ni mweupe na unavutia magari. Mume wangu alikuwa ameshapunguza upepo wa tairi za Hilux, akitaka tela likae karibu kabisa na maji ili watoto waamke na bahari mlangoni. Mvuvi mmoja mtu mzima alitutazama tukipima pima, akatufuata, akaamkiwa, akakaa kwanza. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mstari wa majani makavu uliokuwa juu sana ufukweni, karibu na mivinje. "Mnauona uchafu ule? Ni wa jana usiku. Mwezi unakaribia kujaa, haya ni maji ya bamvua. Hapo mlipo, saa tisa usiku mtakuwa mnaelea." Tukaliacha tela kwenye ardhi ngumu nyuma ya mivinje. Usiku ule sikulala, nilitoka na tochi. Maji yalikuja kimya kimya, yakafunika alama za magurudumu yetu, yakasimama hatua chache kutoka kwenye ule mstari wa majani.

Watoto walikaa siku nne bila kuulizia televisheni. Mimi nilijifunza kurudi nyuma na tela, kwenye uwanja mtupu wa kijiji. Ukitaka mkia uende kushoto, usukani unaupeleka kulia. Mkono wangu ulikataa siku nzima, mpaka kijana wa trekta akaniambia nishike usukani chini kabisa, kisha nisukume mkono upande ninaotaka mkia uelekee. Ikaja papo hapo. Tuliporudi tulilisuuza tela lote kwa maji baridi, uvunguni zaidi kuliko juu, kwa sababu chumvi haina haraka lakini haiachi chuma.

Agosti tulikwenda Nanenane, viwanja vya Ngongo, Lindi, hakuna la kusimulia isipokuwa vumbi na furaha. Septemba tulifika Kilwa Masoko, karibu kilomita 300. Hilux ambayo peke yake hutembea kilomita kumi kwa lita moja ilikuwa ikitembea saba, na kila tuta la kijijini likapitwa kwa mwendo wa mtu. Tulichukua kibali, tukapanda mashua kwenda Kilwa Kisiwani, na binti yangu mkubwa akasimama ndani ya msikiti ule mkubwa wa mawe ambao mimi mwenyewe, mwalimu wa miaka 16, nilikuwa nimeufundisha bila kuuona. Kisiwa kiko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Binti alihesabu nguzo. Kwa siku ile peke yake ningelinunua tela tena.

Lakini Newala tulikuwa hatujarudi nalo. Nilimtembelea mama mdogo mara mbili kwa basi, nikalala kitandani alikonipangia, na kuhusu tela hatukusema neno.

Mwishoni mwa Novemba mjomba alifariki. Simu iliingia saa kumi na moja alfajiri, na mama mdogo ndiye aliyepiga. Alilia, akanieleza mazishi yatakuwa saa ngapi, akasita. Kisha akasema, "Mje na nyumba yenu."

Tulifunga tela kwenye Hilux kwa dakika ishirini. Halikuwa na mchele wala madumu, nilipakia mikeka, mablanketi na chupa kubwa za chai tu. Tulipofika uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume walikaa chini ya turubai, kina mama wamebanana ndani na barazani, mvua ya kwanza ya msimu ikitishia. Mama mdogo alikuja moja kwa moja hadi mlangoni mwa tela, akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Kuanzia hapo ni yeye aliyepanga. Alimlaza humo mke wa binamu yangu, aliyejifungua siku tisa kabla na hakuwa na mahali pa kumnyonyesha mtoto bila macho ya watu. Kitanda cha pili akampa bibi mmoja aliyetoka Tandahimba, ambaye nyonga yake haimruhusu kulala chini. Vitanda vya juu vya watoto wangu viliwekwa nguo za msiba na vyombo vya kuazima, kila kimoja kikiwa na uzi wa rangi ya mwenyewe. Usiku wa pili mvua ilinyesha kweli, nikasimama barazani nikisikiliza paa, nikingojea mtu atoke kusema linavuja. Hakutoka mtu. Sisi watano tulilala chumba cha pili, kwenye lile godoro. Jirani alikuwa ameliuza kwa mama mdogo.

Siku ya nne nilipaswa kurudi shuleni. Mume wangu alikuwa ameshairudisha Hilux nyuma hadi kwenye chuma cha kuvutia, mama mdogo akatoka akamsimamisha.

"Mkwe, wewe nenda na gari. Hili liache, mzazi bado hajapata nguvu, na watu wa arobaini watalala wapi?"

Tukalikagua, tukaweka matofali chini ya miguu, tukamwonyesha kijana wa nyumbani jinsi ya kutafuta njia ya mchwa. Ufunguo uko kwenye pindo la khanga bado. Arobaini ni Jumamosi ijayo, na nimeagizwa nije na mashuka mawili ya futi tano.